Koki ya Chumbani kwa Mzee Phakisi

Inspekta Tlotliso Ramakau hakuwa amemaliza kumfunga farasi wake pale mlalamikaji alipoanza kumfanyia kazi yake.

"Bomba limepigwa na spana, Inspekta. Ingia darini uone mwenyewe. Mimi si polisi, lakini macho ninayo."

"Poleni na msiba kwanza," alisema Ramakau huku akilegeza pini ya blanketi alilojifunga mabegani.

Seabata Phakisi alishusha mikono aliyokuwa ameiweka kiunoni. "Tumeshapoa, baba. Mzee tulimzika Jumamosi."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa saba, na katika milima ya Mokhotlong mwezi wa saba hauna mzaha na mtu. Gari la kituo lilikuwa limegoma kuwaka, kama linavyogoma kila barafu ikikaza, ndiyo maana Inspekta alikuja kwa farasi. Farasi hana betri.

Malalamiko yenyewe yalikuwa mafupi. Mwili wa mzee Phakisi uliletwa nyumbani Ijumaa jioni, ukalala usiku wake wa mwisho katika chumba kikubwa kama ilivyo ada. Asubuhi ukoo mzima ulimsindikiza makaburini. Aliyebaki nyumbani ni mtu mmoja tu, Malineo, mjane wa kaka yake Seabata, aliyekuwa akiangalia masufuria ya nyama na kutayarisha langoni beseni la maji yenye vipande vya mshubiri, ya kunawa watu wakirudi kutoka kaburini. Waliporudi walikuta maji ya kunawa yako langoni, na maji mengine yanashuka kwenye vidato vya mlango wa mbele. Dari ya chumba kikubwa ilikuwa imelala sakafuni. Malineo alikuwa amesimama uani, ameloa hadi magotini, spana mkononi.

"Mchana huu tunakaa mbele ya Chifu Mantsane," alisema Seabata. "Sisi tunasema atoke. Nyumba ya babu yetu haiwezi kutunzwa na mtu anayeivunja. Wewe tupe neno moja tu la serikali, leo leo anafunga sanduku lake."

"Na akitoka, nyumba inabaki na nani?"

"Tutaifunga. Mama nitamchukua kwangu mjini Maseru. Amezeeka, baba. Anasahau sahau. Siku hizi chumvi anaitafuta huku ameishika."

Ramakau alirudi nyuma hatua chache akaitazama nyumba, maana tangu alipokuwa bondeni ilikuwa ikimvuta macho. Ilijengwa kwa mawe ya mchanga yaliyochongwa kwa mkono, jiwe limekaa juu ya jiwe hata wembe haupenyi, na upepo wote uliopita juu ya milima ile tangu enzi za babu haukuwa umeing'oa hata kona moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyeijenga alikuwa fundi, na waliokaa ndani yake walikuwa wameitunza. Aliona jinsi mbao za madirisha zilivyopakwa mafuta mwaka huo huo. Mtu mwenye nia ya kuvunja nyumba, alijiambia, hapaki mafuta madirisha yake.

Hata hivyo madirisha si ushahidi. Aliomba ngazi, akapanda.

Darini kulikuwa na baridi kuliko nje. Aliwasha tochi, akalifuata bomba la chuma kutoka lilipoingilia ukutani. Liligawanyika mara mbili. Tawi moja lilielekea jikoni, zima kabisa. Tawi la pili lilipita juu ya chumba kikubwa likaenda kuishia chumba cha nyuma, na hilo ndilo lililopasuka. Ramakau alivua glavu, akapitisha kidole taratibu kwenye jeraha lake, kama mnunuzi anavyokagua meno ya mbuzi. Kisha akalimulika kwa juu, akalimulika kwa chini, akashuka.

"Umeona?" aliuliza Seabata.

"Wewe ulipanda?"

"Nilichungulia."

"Kutoka wapi?"

"Hapa chini. Si dari haipo?"

"Nipe hiyo spana."

Spana ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, imehifadhiwa kama kidhibiti cha mauaji. Ramakau aliitoa, akayatazama meno yake. Kulikuwa na vumbi jeupe la jiwe. Kutu ya bomba haikuwepo.

"Chuma ukikipiga kutoka nje, kinabonyea kuingia ndani," alisema. "Hiki midomo yake imegeukia nje. Tena kimepasuka kwa urefu, na pale kilipopasuka kimevimba tumbo. Aliyelivunja bomba hili alikuwa ndani yake."

"Ndani yake nani?"

"Barafu."

Seabata hakuwa mjinga, na Ramakau alimhesabia hilo. Alitulia, akafikiri, akaja na swali zuri.

"Sawa, barafu. Barafu nayo inaingiaje, Inspekta? Kila mtoto wa hapa anajua koki haifungwi usiku wa baridi. Unaiacha idondoshe, maji yatembee, maana yakitembea hayagandi. Kazi hiyo humu ndani ni ya shemeji tangu baba alipougua, na hajawahi kuisahau hata siku moja. Leo uniambie usiku ule tu, katika usiku wote, ndio akasahau? Hakupiga bomba, sawa. Alifunga koki akaiachia baridi imfanyie."

"Hilo linawezekana," alisema Ramakau. "Maji yalianza kumwagika lini?"

"Tukiwa kaburini. Jua lilikuwa limepanda."

"Jua limepanda, bati limepata moto, barafu ikayeyuka. Ina maana bomba lilipasuka usiku, likajiziba kwa barafu yake lenyewe, likangoja. Kwa hiyo kubaki kwake peke yake mchana si hoja tena. Hoja ni usiku. Usiku ule humu ndani alilala nani?"

"Ukoo mzima."

"Ukoo mzima," alirudia Ramakau. "Pamoja na wewe."

Alimwacha hapo na maneno yake, akatoka uani.

Malineo alikuwa amepiga magoti kando ya shimo dogo lenye mfuniko wa jiwe, karibu na ukuta. Chini ya mfuniko ndiko ilikokuwa koki kuu, ile inayokata maji ya nyumba nzima, na yeye alikuwa akiifungia majani makavu isije nayo ikapasuka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Hakuinuka.

"Nani alikuambia ufunge hii Jumamosi?" aliuliza Ramakau.

"Nani angeniambia? Wote walikuwa kaburini."

"Na spana?"

"Jiwe lilikuwa limegandia ardhini. Nililigonga mpaka likaachia."

Inspekta aliinama. Ukingo wa mfuniko ulikuwa umemeguka mahali kadhaa, peupe pabichi, na alama zililingana na meno ya spana. Kama mwanamke huyu asingekimbilia hapa, maji yangeendelea kumwagika hadi watu warudi, na ukuta wa ndani, ambao umejengwa kwa udongo, usingesimama. Kile walichomkamatia ndicho kilichoiokoa nyumba.

"Nyama iliungua," alisema Malineo.

"Nyama gani?"

"Ya msiba. Niliacha ng'ombe mzima motoni kwa ajili ya bomba. Hilo hawajaliweka kwenye mashtaka?"

"Bado."

"Watalikumbuka."

Ramakau alikaza midomo asicheke. "Ijumaa jioni koki uliziachaje?"

"Mbili nilizifungua zidondoshe. Ya jikoni, na ya chumbani kwa baba mkwe. Uzi mwembamba tu, kama wa kushonea."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, kabla mwili haujafika."

"Baadaye uliingia tena chumbani kwake?"

"Usiku ule? Chumba cha baba kinapitia chumba kikubwa, na chumba kikubwa walikuwa wamekaa mama na shangazi na jeneza. Mimi nilikuwa hapa uani na masufuria mpaka kukakucha. Waulize waliokuwa wakiomba chai."

"Ya jikoni iliendelea kudondosha?"

"Walinywa chai ya alfajiri kwa maji yake."

"Basi ya chumbani nani aliifunga?"

Mikono ya Malineo ilisimama juu ya majani. Kisha ikaendelea.

"Mimi."

"Umeniambia sasa hivi hukuingia."

"Niliifunga ile jioni. Nilisahau."

"Njia ya mwongo ni fupi, mama."

"Hata fupi inafika mahali. Andika hivyo hivyo, baba."

Ramakau hakuandika. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amewasikia watu wengi wakibadilisha maneno mbele yake, na kila mmoja alibadilisha ili ajitoe. Huyu alikuwa amejitoa vizuri, kisha akarudi kujiingiza. Swali lilikuwa anamkinga nani.

Chumba cha marehemu kilikuwa kidogo, kisafi, na kitanda chake kilikuwa kimeshavuliwa matandiko. Ukutani palikuwa na sinki jeupe la kizamani na koki moja ya shaba. Ramakau aliijaribu kwa vidole viwili, ikakataa. Aliishika kwa kiganja kizima ndipo ikasogea. Ilikuwa imekazwa kwa nguvu zote za mtu asiye na nguvu nyingi, akatumia mikono miwili. Hilo alilijua kwa sababu mpini wake ulikuwa umefutika vumbi pande zote mbili.

Akachuchumaa. Chini ya mdomo wa koki, pale ambapo jua halifiki, palikuwa na kipande cha barafu kikubwa kama njegere, na ndani ya barafu nyuzi chache nyeupe za pamba.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaitazama ile koki muda mrefu. Ilikuwa ya zamani, na koki za zamani hazifungi kabisa. Hata uzikaze vipi, zinabakisha tone moja moja la ukaidi. Mtu alikuwa ameikaza, akaona bado inadondosha, akaifunga kitambaa mdomoni ili tone lisidondoke, lishuke kimya kupitia kitambaa. Baadaye mtu mwingine, au yeye mwenyewe, akakivuta kitambaa kikiwa kimegandia, kikaacha nyuzi zake.

Sasa, mtu anayetaka bomba lipasuke anahitaji koki ifungwe, basi. Hana haja na kimya. Aliyefunga kitambaa hakuwa akifikiria bomba. Alikuwa akifikiria sauti.

Ramakau alikwenda jikoni kumtafuta mtu wa kwanza kati ya wawili waliokesha na maiti. Shangazi Mapuleng, dada wa marehemu, alikuwa ameketi karibu na jiko akinywa uji mchachu wa mtama, na ilibidi Inspekta amsalimie mara tatu.

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Mnanong'ona kama wachumba."

"Usiku ule chumba kikubwa mliwasha jiko, shangazi?"

"Jiko na maiti chumba kimoja? Umelelewa wapi wewe?"

"Kwa hiyo hamkuwasha."

"Tulikaa na baridi yetu kama watu wenye adabu."

Hilo nalo lilikaa mahali pake. Miaka yote jiko la chumba kikubwa liliwaka usiku wa baridi, na joto lake lilipanda kwenye dari na kulifariji bomba lililopita juu. Usiku ule, kwa heshima ya mzee, juu hapakuwa na joto na ndani ya bomba hapakuwa na mwendo. Chuma kingewezaje?

"Kuna mtu aliingia chumba cha kaka yako?"

"Mimi niliingia kuchukua blanketi."

"Koki ilikuwa ikidondosha?"

"Kama ilikuwa ikidondosha basi aliyeisikia ni Mungu. Mimi ng'ombe wangu wakiniita siwasikii."

"Uliigusa?"

"Niiguse ya nini?"

"Na mama mwenye nyumba?"

Shangazi Mapuleng aliweka bakuli chini. "Alikaa na mume wake. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Mimi nilipitiwa na usingizi kidogo pale karibu na alfajiri, na hilo usiandike."

Ramakau alishukuru, akatoka. Katika chumba chenye wanawake wawili, mmoja hasikii. Tone halimsumbui asiyesikia.

Alimkuta Malineo nyuma ya nyumba, peke yake, akivunja samadi kavu ya kuwashia moto.

"Nipe kitambaa," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Kitambaa gani?"

"Kile ulichokifungua kwenye koki Jumamosi, ulipokuwa peke yako ukiokoa vitu vya mzee na maji. Cheupe, cha pamba. Kimekatika nyuzi."

Alidhani atakana. Malineo alitazama mlango wa nyuma, akaona umefungwa, akaingiza mkono kwenye pindo la blanketi lake na kutoa leso ya mwanaume iliyokunjwa vizuri.

"Ni ya baba," alisema. "Zilikuwa kwenye droo yake. Mtu mmoja tu ndiye anayefungua droo ile."

"Mama mkwe wako."

Malineo aliinamia samadi yake. Alianza kusimulia bila kumtazama.

"Majira yote ya baridi, kabla hajaugua, baba ndiye aliyeiachia koki ile. Anaamka usiku, anaigusa, anarudi kulala. Mama alikuwa akitwambia, nikisikia lile tone najua mzee wenu bado yuko kazini. Alivyougua nikawa naifungua mimi, lakini kwa mama lile tone lilikuwa bado ni la mumewe. Sasa usiku ule, baba, amelala pale ndani ya jeneza, halafu huku nyuma tone linaendelea." Alivunja kipande kingine cha samadi. "Mimi ningefanya hivyo hivyo."

"Yeye anajua kuwa bomba lilipasuka kwa sababu hiyo?"

"Amekaa kwenye godoro la mfiwa, hatoki, haambiwi kitu. Wanamwambia bomba lilikuwa la zamani. Hajui hata kama mimi nimeshitakiwa." Sasa alimtazama. "Na wewe usiseme. Shemeji anatafuta neno moja tu, mama amesahau. Akilipata, nyumba inafungwa, mama anapelekwa ghorofani Maseru kutazama ukuta mpaka afe. Mimi bado nina nguvu. Nitapata pa kukaa."

Ramakau alikuwa amewaona watu wakisema uongo ili wasifungwe, ili warithi, ili waoe. Mtu wa kusema uongo ili atupwe nje ya nyumba yake mwenyewe hakuwahi kumwona, na alisimama pale na leso mkononi akimheshimu kuliko alivyowahi kumheshimu mshukiwa yeyote.

"Mimi siandiki uongo, mama," alisema.

"Basi usiandike kitu."

"Hilo naweza kujaribu."

Baraza lilikaa uani, kwenye ukuta unaopata jua. Chifu Mantsane, mwanamke mnene mwenye macho madogo makali, alipewa kiti cha marehemu. Wazee wa ukoo walikaa kwenye magogo, mablanketi yamefungwa hadi kidevuni. Mlango wa mbele uliachwa wazi nusu, kwa kuwa ndani ya chumba cha kwanza alikuwa mama mjane, Mamokete, kwenye godoro lake.

Ramakau alitoa taarifa yake akiwa amesimama. Bomba halikupigwa, lilipasuliwa na barafu. Lilipasuka usiku, si mchana. Spana ilitumika kufungua jiwe la koki kuu, na kama isingetumika, leo baraza hili lingekuwa linakaa juu ya kifusi.

"Polisi hawana kesi hapa," alimaliza. "Mimi kwa upande wangu nampongeza huyu mama."

"Subiri kwanza," alisema Seabata, akainuka. "Inspekta amesema barafu, nami nakubali. Lakini hajasema nani alifunga koki."

"Kufunga koki si kosa la jinai."

Chifu Mantsane aligeuza kichwa taratibu. "Mimi sijauliza kosa, Inspekta. Nami nataka kujua. Nani alifunga?"

Ramakau alikuwa amejitayarisha kwa maswali mengi, lakini si lile, likiulizwa wazi vile na mtu aliyekuwa na haki ya kujibiwa. Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka ambacho kilikuwa kweli na salama kwa wakati mmoja.

"Mimi," alisema Malineo kutoka alikokaa na wanawake. "Niliifunga mimi."

"Mmesikia," alisema Seabata, na wazee wakaanza kunong'onezana.

"Nani kamfundisha mtoto huyu kudanganya nyumbani kwangu?"

Sauti ilitoka mlangoni. Mamokete alikuwa amesimama, blanketi jeusi limemfunika kichwa, mkono mmoja kwenye fremu. Mfiwa hatoki kwenye godoro lake siku zile, na watu kadhaa waliinuka kumrudisha. Aliwatazama, wakakaa.

"Niliifunga mimi," alisema.

Seabata alimsogelea, sauti imelainika. "Mama, umechoka. Si kosa lako. Ulisahau tu, na ndiyo maana nasema..."

"Sikusahau. Ningekuwa nimesahau ningeiacha idondoshe." Alikuwa akiongea polepole, kila neno likitoka zima. "Nilijua ni usiku wa barafu. Nilijua bomba linapita wapi. Baba yako alinifundisha bomba lile kabla wewe hujazaliwa. Lakini nilikuwa namsikia yuko kule nyuma anahangaika na koki yake, halafu nikigeuka namwona amelala kwenye sanduku. Nikaona nitarukwa na akili. Nikaenda nikamfungia. Usiku mmoja tu nilitaka nikae naye nikijua amekufa."

Shangazi Mapuleng, ambaye safari hii alikuwa amesikia, alijifuta uso kwa pindo la blanketi.

"Nilidhani baridi itanivumilia usiku mmoja," alisema Mamokete. "Haikunivumilia. Nyumba ya mume wangu nimeiumiza mimi, na nilie mimi. Lakini mnamshitaki mkwe wangu mlangoni kwangu na mnaniambia eti bomba la zamani. Mnanificha kama mtoto mchanga. Malineo, njoo hapa."

Malineo alikwenda. Yule bibi kizee alimshika kwenye kifundo cha mkono, akakishikilia.

Ramakau alitazama chini. Miaka mingi ya kuhoji watu ilikuwa imemzoesha maungamo ya kuvutwa kama jino bovu. Hili lilikuja lenyewe, limesimama wima, na alijua hatalisikia la namna yake tena.

Chifu Mantsane aliwatazama wazee mmoja mmoja, akiwapa nafasi ya kusema. Hawakuitumia.

"Mimi nimemsikiliza huyu mama," alisema, "na akili yake naona ni nzima kuliko ya wengi wetu hapa. Nyumba inabaki na waliomo. Seabata, una la kuongeza?"

Seabata alikuwa amesimama katikati ya ua na viatu vyake vya Maseru, akitafuta pa kuweka mikono. "Mimi nilitaka kuilinda nyumba tu, Mama Chifu."

"Vizuri," alisema mama yake kutoka mlangoni. "Maji yamekatwa, tangu Jumamosi huyu mwanamke anabeba maji kichwani kwa ajili ya watu wote hawa mliokuja kumfukuza. Ndoo zile pale. Kalinde."

Wazee wawili waliinamisha vichwa ndani ya mablanketi yao. Mabega yao yalikuwa yakitikisika. Seabata alitazama ndoo, akamtazama mama yake, akaona hakuna mzaha. Alizichukua zote mbili, akavuka ua mbele ya ukoo mzima, akafika langoni.

Hapo akasimama. Alitazama njia inayoshuka kushoto, akatazama ile ya kulia inayozunguka zizi, na ndoo zikagongana mikononi mwake. Alisimama hivyo mpaka watu wote wakaelewa, na yeye pia akaelewa kwamba wameelewa.

"Chemchemi," aliuliza bila kugeuka, "iko upande gani?"

Malineo aliutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa mama mkwe, akamfuata, akampokea ndoo moja.

"Twende, shemeji," alisema. "Nitakuonyesha."